Kadi ya Kitulizo

Nendeni jikoni kwa mama zenu. Chukueni kitu chochote: mwiko, ungo, hata kile kitambaa cha kuepulia sufuria. Mwonyesheni, muulizeni, "Mama, hiki kwenu mnakiitaje?" Halafu fungeni midomo. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, na ugumu wake wote uko hapo kwenye kufunga mdomo. Mimi wangu ulichukua miaka kufungika, na kabla haujafungika nusura uniponze nipoteze kazi.

Nyie vijana wa chuo mnaokuja hapa kwangu Nkuhungu mnaniita Bibi Kadi. Nawasikia, msidhani nikiinama kuchochea mkaa na masikio yanainama. Ofisini niliitwa Mama Yona, na barua yangu ya ajira ilisema "mkusanyaji msaidizi". Tulikuwa mradi mdogo wa vyumba viwili mjini Dodoma, tukikusanya maneno ya uwanda huu wa kati: watu wanasemaje, neno limetoka wapi, limegeukageuka vipi njiani. Kila neno lilikuwa na kadi yake. Juu neno, chini yake maana, kisha nani kalisema na wapi, na mstari wa mwisho kabisa uliandikwa Asili. Kadi tulizipanga kwenye maboksi ya viatu, maana makabati tuliahidiwa na tunayasubiri mpaka leo.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Ndahani, mwalimu mstaafu aliyekaa mtaa wa Kikuyu, papo hapo mjini. Alivaa koti mwaka mzima, jua liwake lisiwake. Mfuko wa kulia karanga, mfuko wa kushoto kalamu, na siku akiwa na mawazo alichomoa karanga atie nayo saini. Kitabu cha maneno yetu kilikuwa ndoto yake, na sisi wawili tuliokuwa chini yake, mimi na Bwana Sostenes, tulikuwa miguu yake. Alitutuma vijijini akiwa na agizo moja tu: "Usimpe mtu neno. Mwonyeshe kitu, neno atakupa mwenyewe."

Kazi ilikuwa tamu jamani. Nani angeniambia mimi, mtoto wa mkulima wa Mpwapwa, kwamba maneno yanasafiri kuliko watu? Chukueni zabibu, hizi za kwetu Dodoma. Kwa Waarabu, Mzee alisema, zabibu ni zile zilizokwisha kukaushwa. Zilipofika huku kwetu jina likapanda juu ya mzabibu likakaa kwenye mbichi. Au gereza. Wataalamu wanasema neno hilo tulilipata kwa Wareno, na kwao lilikuwa kanisa. Walijenga kanisa ndani ya ngome, watu wakaiita ngome nzima hivyo, ngome ikaja kufungiwa watu, basi jina likabaki na wafungwa. Nilimsimulia mchungaji wetu nikijua atanuna. Alicheka mpaka akashika mlango. "Mama Yona," akasema, "usiwaambie waumini. Wapo ambao tayari wanayaona mahubiri yangu kifungo."

Ila msiwe wepesi wa kuamini. Kila mtu ana asili ya neno lake mfukoni, na atakupa bure. Habari ya yule tembo aliyezama matopeni ndipo Dodoma ikapata jina, mimi nimesimuliwa mara nyingi kuliko nilivyosimuliwa habari za ukoo wangu. Alianza tembo mmoja. Mwingine akaniambia walikuwa watatu. Mzee mmoja stendi alinizamishia kundi zima na ndama wao. Mzee Ndahani alikuwa na usemi wake hapo: "Asili ikiwa tamu mno, ichunguze mara mbili." Ushikeni usemi huo, maana mwenyewe alikuja kuusahau, na sababu nilikuwa mimi.

Sasa miaka ile mambo yalikuwa yanafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya kugombania yakaanza kujaa, na maneno nayo yakamwagika kwa wingi, sisi tukiyakimbiza na kadi. Mtumba, kwenye kadi ya zamani ya Mzee, ulikuwa furushi la nguo, robota lililofungwa vizuri. Mara nikakuta sokoni akina mama wanainama juu ya lundo la makoti ya Ulaya, wanasema mitumba, na furushi limesahaulika. Likaja ubinafsishaji. Sisi tulikuzwa tukiambiwa ubinafsi ni aibu, mtoto mwenye ubinafsi anachapwa. Ghafla redio inatutangazia jamaa yake kwa sauti ya pongezi. Na kupunguza je? Zamani ulipunguza chumvi, au gauni likiwa refu. Sasa wakawa wanapunguzwa watu.

Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana moja, akapunguzwa. Nyumbani kukabaki mshahara wangu peke yake na watoto watatu wanaokula kama wametoka jando. Haikupita muda, mkurugenzi wa mradi akatuita akasema na sisi tumefikiwa: kati ya wakusanyaji wawili, atabaki mmoja. Kadi zetu zingekaguliwa kabla kitabu hakijaenda kwa mchapaji, na ambaye zake zitakutwa na kasoro, huyo ndiye wa kwenda. Sostenes alikuwa na stashahada na mwandiko wa kuchora. Mimi nilikuwa na miguu, na neno moja lililompa Mzee furaha kuliko maboksi yote ya Sostenes.

Neno hilo nililileta kutoka Busi, huko Kondoa. Nilikwenda na lori la mahindi, na dereva akaniambia wazi, "Mama, saa kumi naondoka, ukichelewa utarudi na miguu." Wingu nalo limesimama juu yetu, jeusi tii. Nina maswali arobaini. Nikawakuta akina mama kisimani, nikatoa shikamoo zangu, wakanikaribisha vizuri sana, tukaanza. Mkubwa wao aliitwa Bi Hadija, na kichwani alikuwa na kile kitambaa kinachosokotwa duara ndoo ikae juu yake. Wengi wenu mnakiita ngata. Kwetu nyumbani tulikiita kitulizo, na mimi nilikua nalo neno hilo, sikuwahi kulitilia shaka, niliona ni la Mpwapwa nzima. Dereva akapiga honi. Badala ya kunyoosha kidole na kuuliza, nikanyoosha kidole nikasema, "Na hiki ni kitulizo, siyo?"

Bi Hadija akanitazama. Akawatazama wenzake.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Kitulizo."

"Kitulizo, kitulizo," wakaitikia wote. Mmoja alipaliwa na kikohozi cha ghafla ikabidi ageuke pembeni. Mimi nikaandika, nikawaaga, nikakimbilia lori.

Mzee Ndahani alipoisoma ile kadi aliacha kutafuna. Aliniuliza kama na kwetu Mpwapwa linasemwa, nikamjibu tena kwa kujiamini, "Ndiyo Mzee, tangu utoto wangu." Akainuka kitini. "Mpwapwa wanasema! Busi wanasema! Na katikati hapa hakuna anayelijua! Mama Yona, hii ni njia. Kuna watu walitembea zamani wakabeba neno hili kichwani." Akachora ramani, akaweka mstari mwekundu kutoka Mpwapwa mpaka Busi, akaandika ukurasa mzima wa utangulizi juu ya safari hiyo. Tamu mno, wala hakuichunguza mara mbili. Nami nilitembea mjini shingo juu.

Mavuno yalipokwisha nikaenda Mpwapwa kumsalimia mama. Tunamenya karanga uani, nikamwambia kwa maringo kwamba neno letu kitulizo sasa linaingia kitabuni. Mama akaacha kumenya.

"Neno letu? La nani?"

"La watu wa huku, mama. Si ndivyo mnavyosema?"

"Aka! Muulize jirani yeyote hapa kama anakijua hicho kitulizo. Hilo ni la bibi yako. Ulikuwa mdogo, ndoo yako ya kwanza hiyo, ukalia njia nzima kichwa kinauma. Akachana kanga yake, akaisokota, akakuwekea kichwani: basi nyamaza, hiki hapa kitulizo chako. Ukanyamaza. Tangu siku hiyo ukawa huendi kisimani bila kudai kitulizo, na sisi wa nyumba hii tukafuata. Majirani walitucheka mpaka wakachoka."

Wajukuu zangu, nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja. Bibi yangu alinitungia neno, mimi peke yangu, kwa machozi ya ndoo moja! Hapo nilitaka kuimba. Kisha nikaukumbuka mstari mwekundu. Ikiwa neno lilizaliwa uani kwetu, Busi lilifikaje? Nikaona tena ule mdomo wangu kisimani, na yule mama aliyepaliwa.

Nilirudi Dodoma nikamweleza mume wangu. Akasema, "Nyamaza, mke wangu. Neno moja katika maboksi yote hayo, nani atajua? Ukisema, umejipunguza mwenyewe." Na hakukosea hata kidogo. Mkaguzi hangeweza kulijua, Busi ni mbali, na Bi Hadija hasomi utangulizi wa mtu. Siku tatu nilikwenda kazini nikapanga kadi, ile ya kitulizo siigusi. Siku ya nne nikamkuta Mzee kanunua rula mpya kwa pesa yake, anaupiga ule mstari upya unyooke, huku anaimba wimbo wa kanisani kwa chini. Nilimwonea huruma jamani. Nikasema yote nimesimama, kuanzia honi ya lori mpaka kanga ya bibi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Karanga ilikuwa mkononi, hakuila.

"Busi ulikaa siku ngapi?"

"Moja, Mzee. Tena si nzima."

"Siku moja!" Akapiga meza. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hujaisikia hiyo? Siku mbili za mwanzo unalishwa, unaitikiwa, ukisema jua ni la kijani wanasema naam, la kijani. Hiyo ni adabu yao. Ukweli unakuja na jembe, na wewe jembe hukulisubiri! Na mimi mtu mzima nimechora ramani!" Akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Nilijua kazi imekwisha. Kisha akasema, "Keshokutwa tunakwenda."

Tukaenda, yeye na koti lake. Siku ya kwanza tukalishwa kuku. Nikamwonyesha Bi Hadija kichwa chake mwenyewe, hajaulizwa lolote, akawahi: "Kitulizo, mwanangu, si ulikwisha andika?" Siku ya pili vilevile, na kikohozi kilekile. Siku ya tatu asubuhi, kweli, Bi Hadija akatuletea majembe mawili, tukaingia shambani kwake kung'oa visiki vya uwele. Muwaone: Mzee Ndahani na koti, anachimba na kuhema, akina mama wanamshangilia. Jua lilipokuwa kali tukakaa chini kunywa maji. Mzee akaokota ile ngata iliyokuwa kando ya ndoo, akaiinua juu, akanyamaza. Bi Hadija akataja neno la Kirangi, lugha yao, fupi, halifanani na langu hata herufi moja.

"Na kitulizo?" nikauliza kwa sauti ndogo.

Hapo wakaangua kicheko, yule wa kikohozi akalala chali kabisa. "Hilo ni lako, mwanangu!" Bi Hadija akasema. "Ulikuja na haraka zako, mvua imekukalia kichwani. Tukubishie, mgeni? Ingekuwa aibu yetu. Ila tulilipenda. Sasa hivi binti akilalamika ndoo nzito tunamwambia, basi nyamaza, vaa kitulizo cha mgeni."

Basi nyamaza. Maneno yaleyale ya bibi, na mimi sikuwa nimewaambia habari za bibi. Nikalia pale shambani, nikasingizia vumbi.

Tukiwa njiani Mzee aliitazama milima ya Kondoa mpaka ikabaki nyuma. Kisha akaanza kutikisika. Nikadhani ni barabara, kumbe anacheka. "Njia ipo, Mama Yona," akasema. "Mstari wangu haukukosea. Ila aliyepita ni wewe, na lori la mahindi."

Ukurasa aliukata kwa wembe mwenyewe. Habari zikamfikia mkurugenzi, akatuita, na mbele yangu na Sostenes akasema, "Sasa mbona jibu limepatikana? Mwenye kasoro si huyu?" Nilitazama viatu vyangu, nikawaza ada na unga. Mzee akajibu bila kuinuka: "Kasoro ya huyu naijua kwa sababu kaileta mwenyewe. Za kwenye maboksi mengine sijaletewa hata moja, na mimi ni mwalimu wa zamani, siamini kwamba hazipo." Sostenes akakaa vizuri kitini. Orodha ilipobandikwa, aliyebaki ni mimi, kwa sharti moja: kadi zangu zote nizirudie upya, siku tatu kila kijiji. Msimwonee huruma Sostenes sana. Alifungua duka la daftari na mwandiko wake ukawa kwenye vibao vya nusu ya mji, na kila nikipita aliniita ndani aninunulie soda, akinishukuru kwa kumfukuzisha.

Mimi nikajaza kikapu: ungo, kata, mwiko, kinu kidogo, ngata, kamba ya kufungia ndama. Sikubeba neno hata moja. Tatizo miaka hiyo kila mtu alikuwa anauza kitu. Nikifika kijijini, nikianza kuinua ungo wangu kimya kimya, akina mama wanauliza, "Bei gani, mama?" Nikisema siuzi, wanapandisha. Kijiji kimoja walipandisha mpaka nikaona aibu, nikawaachia ule ungo, nikapewa kuku. Ofisini Mzee aliandika kwenye taarifa kwamba utafiti umeanza kutaga.

Na kadi ya kitulizo? Nilidhani ataichana. Aliufuta ule mstari wa mwisho, akanisukumia kalamu. "Jaza. Unajua mwenyewe." Nikaandika: Lilitungwa na bibi wa mkusanyaji, Mpwapwa, kwa ajili ya mjukuu aliyekuwa analia. Akaisoma mara mbili, akatikisa kichwa. "Miaka yote hii," akasema, "kila kadi yangu mstari huu unasema labda, au inasemekana. Hii peke yake tunajua nani, wapi, na kwa nini." Akairudisha kwenye boksi, mahali pake, kati ya kitukuu na kitumbua.

Mzee Ndahani tulimzika na koti lake. Mradi ulifungwa, maboksi yakaenda kwa wasomi, lakini ile kadi niliiomba nikapewa. Ipo kwenye Biblia.

Mwezi uliopita maji yalikatika mtaani kwetu, tukapanga foleni bombani. Mbele yangu binti, hanijui, anasokota kanga kwa haraka aiweke kichwani. Mazoea hayaachi mtu. Nikamnyooshea kidole kichwani, nikamuuliza, "Mwanangu, hiki kwenu mnakiitaje?" Nikafunga mdomo.

"Hiki, bibi? Shikamoo. Kitulizo."

Ndoo ilinitoka mkononi. "Marahaba. Kwenu wapi?"

"Busi, Kondoa. Mjini hapa hawalijui. Ni neno la zamani mno hilo, bibi, wazee wetu walilikuta."

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulikwisha funguka, jina la bibi limefika kwenye ulimi. Nikautazama ule mduara wa kanga, alivyousokota vizuri, na ndoo ilivyotulia juu yake akiondoka. Nikaufunga mdomo. Nilirudi nyumbani, nikafungua Biblia, nikaongeza mstari kwenye kadi: Limesemwa tena, Nkuhungu, bombani, bila kuongozwa. Bibi yangu hakujua kusoma, na hakuwa na habari za asili wala njia za maneno. Alichotaka ni mimi ninyamaze tu.